Kipandikizi cha Jino kwa Kompyuta: Usahihi Hupimwaje?

Mwananchi anayetaka kuziba pengo kwa kipandikizi huenda akaambiwa kwamba kazi itafanywa "kwa kompyuta", na kwamba gharama imepanda kwa sababu hiyo. Neno hilo hufunika njia tatu tofauti, nasi tumeona vema kuzieleza kabla hujatia sahihi.

Kipandikizi ni skrubu ndogo, aghalabu ya titani, ambayo hushikamana na mfupa wa taya. Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa wa kwanza huko Uswidi mwaka 1965. Kwa miaka mingi daktari alitoboa mfupa kwa kutegemea jicho, mkono na picha ya eksirei, na wengi hufanya hivyo hadi leo kwa ustadi.

Njia ya kwanza ya kidijitali ni kiolezo. Taya hupigwa picha ya pande tatu, mahali pa skrubu hupangwa kwenye kompyuta, kisha huchapishwa kifuniko cha plastiki chenye tundu la kuongoza keekee. Katika njia ya pili, kamera hufuatilia keekee na daktari hutazama skrini anapotoboa. Ya tatu ni mkono wa roboti, ambao Marekani iliuruhusu mwishoni mwa mwaka 2016.

Usahihi hupimwa kwa kulinganisha mpango na mahali skrubu ilipokaa. Mapitio ya tafiti za violezo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalipata wastani wa kosa la milimita 1.2 penye mwanzo wa tundu, milimita 1.4 penye ncha, na mwinamo wa nyuzi 3.5. Njia ya kamera hukaribiana na hapo. Mkono usio na mwongozo hukosea zaidi, hasa katika mwinamo.

Lakini wastani si kosa lako wewe. Mmoja hupata nusu milimita, mwingine mbili na ushei. Ndani ya taya la chini, chini ya magego, hupita neva iletayo hisia za mdomo wa chini na kidevu. Ikijeruhiwa, mdomo waweza kubaki na ganzi kwa miezi, pengine maisha yote. Ndiyo maana wataalamu huacha angalau milimita 2 kati ya ncha ya skrubu na neva hiyo. Mwombe daktari akuonyeshe nafasi hiyo kwenye skrini. Ni haki yako, wala si utovu wa adabu.

Uliza pia kiolezo kitakaa juu ya nini. Kikishikiliwa na meno imara hakisogei sana. Kikikaa juu ya fizi laini, kwa mtu asiye na meno, kosa huongezeka. Vilevile, violezo vingine huongoza keekee ya kwanza tu, na zinazofuata huachiwa mkono. Asiyeweza kupanua kinywa sana huenda kiolezo kisimfae kabisa kwa magego ya nyuma.

Kwa jino moja penye mfupa mpana, hatuoni sababu ya kumlazimisha mtu alipie roboti.

Ukimaliza, dai nakala ya picha zako pamoja na stika ya kipandikizi yenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo. Bisibisi za kampuni hizi hazifanani. Skrubu ikilegea baada ya miaka minane, nawe umehamia mji mwingine, daktari asiye na stika hiyo atabaki kukisia.