Nyumba ya Mchezo wa Mezani: Rangi Kwanza, Gundi Baadaye

Michezo ya vita vya mezani, ambayo H. G. Wells wa Uingereza aliitungia kitabu cha kanuni, Little Wars, mwaka 1913, huchezwa kwa askari wadogo na nyumba za kujificha. Siku hizi nyumba nyingi huuzwa zikiwa vipande vya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, vilivyokatwa kwa leza. Tuchukue nyumba ya zamani ya Kiingereza, yenye mihimili ya mbao na kuta za fito zilizokandikwa udongo, kwa askari wa milimita 28.

Wanaoanza huwa na pupa ya kuiona imesimama. Ikishasimama, brashi haifiki pembe za ndani, na rangi ya ukuta huchafua mihimili. Kwa hiyo paka kwanza.

Jaribu bila gundi

Acha vipande kwenye ubao wake mpaka utakapovihitaji, kwa kuwa vingi hufanana. Usivibanjue kwa vidole. Kata vishikizo kwa kisu kikali. Kisha isimamishe nyumba nzima bila gundi. Ulimi ukikataa kuingia tunduni, upige msasa kidogo. Vaa barakoa, maana vumbi la MDF si la kuvuta. Piga mstari wa penseli kila panapokutana vipande viwili: hapo pasipakwe rangi, kwani gundi nyeupe ya mbao hushika ubao mtupu vizuri zaidi.

Ziba kiu ya ubao

MDF hunywa rangi, hasa kwenye kingo. Zipake kingo hizo gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, kidogo tu, kwa sababu ubao huu huvimba ukilowa. Ikikauka, bandika karatasi tepu kwenye sehemu za maungio, kisha puliza praima ukiwa nje, kopo likiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ubao. Tabaka mbili nyepesi zinashinda moja nzito. Puliza pande zote mbili, la sivyo ubao unaweza kupinda.

Kuta na mihimili

Anza na rangi ya ndani. Kwa nje, changanya gundi nyeupe na mchanga laini uliochekechwa, upake ukutani upate sura ya lipu, kisha upake rangi ya maziwa.

Mihimili ipakwe kabla ya kubandikwa. Wengi huipaka nyeusi tii, lakini mwaloni ulioachwa bila rangi hugeuka kijivu, na mtindo wa mihimili myeusi ulishamiri Uingereza katika karne ya 19. Mchezo wako ukiwa wa zama za kabla ya hapo, anza na kahawia iliyokolea. Ikikauka, chovya brashi kuukuu kwenye kijivu, ifute kwenye tishu mpaka ikaribie kukauka, kisha ipitishe haraka juu ya mbao. Miinuko itadaka kijivu na mifereji itabaki na giza. Malizia na kahawia nyepesi, yenye maji mengi, chini ya madirisha na kwenye msingi, mvua inakorushia tope.

Kuunganisha

Gundi ya mbao hukupa muda wa kurekebisha. Supaglu haikupi nafasi hiyo. Bandika sakafu na kuta mbili, pima pembe kwa kona ya boksi, kisha weka kuta zilizobaki. Funga kwa raba bendi na uache usiku kucha.

Kama nyumba yako ni ya plastiki, tumia gundi ya plastiki, nayo huyeyusha maungio yakashikana. Kwangua rangi hapo kwanza. Ya resini huhitaji supaglu.

Paa na dari ya ghorofa visigandishwe, kwani wachezaji huvifunua ili kuingiza askari. Puliza vanishi isiyong'aa, na usirudishe paa mpaka ikauke kabisa, lisije likanasa.