Je, Watoto Wahitaji Dawa ya Akili?

Wazazi kadhaa wametuuliza kama yafaa kuwanunulia watoto vidonge vya kuongeza akili. Mtoto mwenye afya, alaye maharage, dagaa, mboga na matunda, havihitaji. Mwuzaji ndiye avihitajiye. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji, na maarifa walipewa na Mungu (Dan. 1).

Lakini chumvi tusiidharau. Katika nchi za milima mvua huosha madini joto udongoni. Mama mwenye mimba akiyakosa sana, akili ya mtoto hudumaa tumboni, wala hakuna kidonge kitakachoirudisha baadaye. Basi nunueni chumvi iliyotiwa madini hayo, mkaiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua.

Naye mtoto apaukaye viganja na kuchoka upesi, apelekwe hospitalini apimwe damu, kabla hajapewa dawa yo yote.