Sahani Kubwa za Marekani: Majibu kwa Wasomaji wa Bunia

Tangu jamaa zetu wengi wa Kongo ya mashariki walipoanza kupelekwa Marekani, nchi ambayo katika mwaka wa 2016 peke yake iliwapokea wakimbizi Wakongo zaidi ya 16,000, simu za mkononi zimekuwa zikituletea Bunia picha za maakuli ya huko, na nyuma ya picha hufuata maswali, ambayo mimi, niliyeshika kazi ya lishe, naona ni wajibu wangu kuyajibu kwa tafsili.

Swali: Dada yangu aliyeko Louisville ametutumia picha ya sahani aliyopakuliwa mkahawani: nyama imefunika sahani nzima, viazi vya kukaanga vimerundikwa kando, na bilauri ya soda ina kimo cha mkono wa mtoto. Hapa kwetu wangeshiba watu watatu. Je, Wamarekani wana matumbo mapana kuliko yetu? (Mama wa watoto watano, Mudzipela)

Jibu: La, mama. Matumbo ni yale yale. Kilichobadilika ni kipimo, nacho walikibadilisha wafanyabiashara katika muda usiozidi umri wa mtu mmoja. Ray Kroc alipofungua mkahawa wake wa McDonald's mjini Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, soda iliyouzwa pale ilikuwa ya mililita 200 hivi, nayo ilimtosha mtu mzima. Huko Chicago, bwana mmoja aitwaye David Wallerstein, aliyekuwa akisimamia majumba ya sinema, alitambua ya kwamba watazamaji huona haya kununua pakiti ya pili ya bisi, wasije wakadhaniwa kuwa walafi. Basi akawauzia pakiti moja kubwa, nao wakaichukua bila ya kusita. Baadaye aliingia katika baraza la wakurugenzi wa McDonald's, akamshikilia Kroc, ambaye kwanza alikataa, hata katika miaka ya 1970 viazi navyo vikaanza kuuzwa kwa kipimo kikubwa.

Faida ya jambo hili ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuuza chakula: kodi ya nyumba, ujira wa wapishi na moto wa jikoni hugharimu vile vile, sahani iwe ndogo au kubwa, ilhali konzi moja ya viazi iliyoongezwa humgharimu mwenye duka kidogo sana na mteja huilipia zaidi. Tena katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Waziri wa Kilimo wa Marekani, Earl Butz, aliwahimiza wakulima walime mahindi kwa wingi usio na kikomo, na mahindi hayo yakageuzwa sharubati tamu iliyo rahisi kuliko sukari ya miwa, ambayo kampuni za Coca-Cola na Pepsi ziliikubali kikamilifu nchini mwao mwaka 1984. Kopo moja la Coca-Cola la mililita 355 lina sukari gramu 39, karibu vijiko kumi vya chai; na bilauri ya dada yako bila shaka inachukua zaidi ya kopo moja.

Swali: Lakini mtu ana akili. Akishiba si ataacha? (Mwanafunzi, Nyakasanza)

Jibu: Ndivyo tunavyodhani sote. Bibi Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State walitangaza mwaka 2002 ya kuwa waliwaandalia watu chakula kimoja cha makaroni na jibini kwa vipimo mbalimbali, kuanzia gramu 500 mpaka gramu 1,000, na waliopewa kipimo kikubwa walikula kwa thuluthi moja hivi zaidi, aghalabu bila ya kujua. Jicho humaliza kilichowekwa mbele yake. Katika nyumba zetu bugali huwekwa kati, mikono mitano huizunguka, sombe iko kando katika bakuli moja, na kila mtoto hutazama mkono wa nduguye. Sufuria ikiisha, mlo umekwisha, na mwenye kupima alikuwa mama. Mkahawani anayepima ni muuzaji, na muuzaji hana sababu ya kupunguza.

Swali: Si aibu kuzungumza habari za kushiba kupita kiasi, na wakimbizi wa ndani wa Djugu wamo kambini pembezoni mwa mji wetu, wengine wakila mara moja kwa siku? (Mwalimu, Bankoko)

Jibu: Swali lako ni zito, mwalimu, nami nalichukua kwa taadhima. Njaa ya kambini ndiyo inayopaswa kutangulia mambo yote, na hakuna hoja ya lishe itakayoiondoa amani na shamba katika nafasi yao ya kwanza. Hata hivyo njaa na unene ni jamaa wa karibu kuliko tunavyofikiri. Uholanzi ilipopatwa na njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, wataalamu waliwafuatilia watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao, wakaona ya kwamba wale ambao njaa iliwakuta katika miezi ya mwanzo ya mimba walielekea zaidi kunenepa kupita kiasi walipokuwa vijana. Fikiri basi mtoto aliyetungwa mimba wakati mama yake akikimbia, akavushwa Ziwa Albert hadi kambi ya Kyangwali nchini Uganda, kisha akapelekwa katika nchi ambayo, kwa hesabu za 2017 na 2018, zaidi ya watu wazima 40 katika kila 100 wana unene wa kupindukia. Mtoto huyo anahitaji hifadhi mara mbili, ya njaa na ya shibe iliyozidi, nami huumia moyo nikiona anapewa moja tu.

Swali: Mikahawa hiyo itafika hapa? (Mfanyabiashara, Boulevard de Libération)

Jibu: Nchini Kenya imekwisha kufika: KFC ya Marekani ilifungua mkahawa Nairobi mwaka 2011, na Januari 2022 ikaishiwa na viazi vya kukaanga kwa kuwa iliviagiza kutoka ng'ambo, ilhali wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi tele, wananchi wakakasirika, na kwa haki. Kwetu soda imetangulia zamani. Ninaloliogopa mimi ni siku ambayo mwenye pesa wa Bunia ataona samaki wa Tchomia na maharagwe kuwa vyakula vya maskini.

Swali: Nimwambie nini dada yangu? (Yule mama wa Mudzipela)

Jibu: Mwambie aombe chombo cha kufungashia mara sahani inapoletwa, atenge nusu ya chakula kabla ya kuonja; huko ni desturi, wala si aibu. Anywe maji. Na sombe iliyogandishwa huuzwa katika maduka ya Waafrika ya miji mingi ya Marekani. Ainunue, aipike Jumamosi, awaite na majirani.