KOMEO LA KISU CHA KUKUNJA LINAPONATA

Kisu cha kukunja ni chombo kidogo, lakini kazi zake ni nyingi. Mkulima hukitumia kukatia vikonyo vya kupandikizia miembe, mvuvi hukatia kamba, fundi wa umeme huchunia waya, na mwuzaji wa matunda huwa nacho mkononi tangu asubuhi hata jioni. Visu vingi vya namna hii vina komeo, yaani kizuizi cha kulishika bapa lisijikunje wakati wa kazi. Somo letu la juma hili lahusu shida moja ya komeo hilo, nayo ni kunata.

Shida yenyewe ni hii. Kazi imekwisha, mwenye kisu ataka kukikunja, na komeo halitoki. Hulisukuma kwa kidole gumba mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu hulisukuma kwa nguvu zake zote. Hapo ndipo penye hatari. Komeo lililonata haliachii polepole. Huachia ghafula, na mkono uliokuwa ukikaza hulirudisha bapa juu ya vidole. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ni hii: komeo likinata, tafuta sababu kabla ya kuongeza nguvu.

Ijue namna ya kisu chako

Makomeo si ya namna moja. Yako ya pete, kama lile la visu vya Opinel vya Ufaransa. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivyo katika nchi ya Savoie mwaka 1890, na mwanawe Marcel akavitia pete ya kufungia mwaka 1955. Pete hiyo huzungushwa juu ya shingo ya mpini mpaka imezuia njia ya bapa.

Namna ya pili ni komeo la mgongoni. Hilo ni wenzo wa chuma uliolala katika mgongo wa mpini. Jino lake huingia katika pengo lililo kwenye shina la bapa, nayo kamani hulishika humo. Kisu cha Marekani kiitwacho Buck 110, kilichotoka mwaka 1964, ndicho kilichoieneza sana namna hii.

Namna ya tatu ni ya ulimi. Ndani ya mpini mna bamba jembamba la chuma lililopindwa kidogo. Bapa likifunguka, bamba hilo huruka kando na kusimama nyuma ya shina la bapa kama mtu aliyeweka mguu nyuma ya mlango. Mmarekani Michael Walker ndiye aliyeutengeneza ulimi huu kwa umbo tunalolijua, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, akaufanya ubavu wa mpini wenyewe kuwa ulimi, na kisu chake akakiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Komeo la ulimi ndilo linatalo zaidi kuliko yote, hivyo tutalieleza kwa kirefu.

Kwa nini hunata

Mahali ambapo ulimi hukutana na shina la bapa hapakuchongwa wima. Pameinamishwa kidogo, kwa kawaida kiasi cha nyuzi 7 hadi 10, ili ulimi uingie kama kabari. Kabari ya mlango, kadiri isukumwavyo ndivyo ikazavyo. Na ulimi ni vivyo hivyo. Mwinamo ukizidi, ulimi huteleza na bapa hujikunja lenyewe. Mwinamo ukipungua mno, ulimi hukwama. Ndiyo maana mtu azoeaye kukifungua kisu chake kwa kukirusha kwa kishindo huona kinanata zaidi kuliko cha mwenzake akifunguaye taratibu.

Sababu ya pili ni chuma chenyewe. Ulimi wa titani ukisuguana na bapa la chuma cha pua, madini hayo hung'ang'aniana. Kisu kipya hasa huwa hivyo, kwa kuwa nyuso zake mbili hazijazoeana. Mara nyingi hali hiyo hupungua baada ya siku kadhaa za kukifungua na kukifunga.

Sababu ya tatu, nayo ndiyo ya kawaida kwetu, ni uchafu. Vumbi na nyuzi za mfukoni, chumvi ya bahari, maji ya muwa na ya machungwa, utomvu wa migomba, ulimbo wa fenesi: vyote hivyo hukauka ndani ya mpini vikawa kama gundi.

Kusafisha

Anza kwa kusafisha, hata kama wadhani sababu ni nyingine. Kwanza tambua uchafu ni wa aina gani. Sukari na chumvi huyeyuka katika maji, basi maji ya moto yenye sabuni yatatosha. Ulimbo haujali maji. Wapishi wa pwani walijua jambo hili zamani, ndipo wakawa wanapaka mafuta ya kupikia katika kisu na mikononi kabla ya kupasua fenesi. Paka mafuta penye ulimbo, ungoje kidogo, uufute kwa kitambaa, ndipo uoshe kwa sabuni. Mafuta ya taa nayo husafisha vema, ila usiyatumie karibu na moto, na kisu kioshwe vizuri kabla ya kugusa chakula.

Tumia mswaki mkuukuu na kijiti kilichochongwa ncha. Sugua uso wa ulimi, sugua shina la bapa, toa nyuzi zilizojificha penye msumari unaoshika bapa. Kisha kikaushe kisu kabisa kwa kitambaa na upepo, kwa sababu hata chuma cha pua chaweza kupata kutu kikiachwa na maji ya chumvi. Mwisho tia tone moja la mafuta ya cherehani penye msumari. Usitie mafuta mahali ulimi unapokutana na shina. Mafuta hapo huvuta vumbi, tena yaweza kuufanya ulimi uteleze.

Kwa komeo la mgongoni, safisha ndani ya lile pengo, kwani takataka zikilala humo jino huingia vibaya. Kwa komeo la pete, safisha mfuo ambamo pete huzunguka, wala usiizungushe kupita kiasi, maana ukingo wake umekatwa kwa mshazari na kila uizungushapo yakaza. Ikiwa ni mpini wa mti uliovimba kwa maji ndio ulioshika bapa, uache ukauke kivulini siku chache. Usiuweke motoni wala juani, mti utapasuka.

Risasi ya penseli

Ikiwa kisu ni safi na ulimi bado wanata, tafuta penseli laini. Kile tukiitacho risasi ya penseli si risasi hata kidogo. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafiti ina matabaka membamba yanayoteleza moja juu ya jingine, nayo haivuti vumbi kama mafuta. Fungua bapa nusu, upake penseli kwenye ukingo wa shina pale ulimi unaposimama. Kisha fungua na kufunga mara kumi kwa utaratibu. Ikifutika, paka tena.

Kisu kikikwama wakati wa kazi, fanya hivi. Makali yaelekee mbali nawe. Kwa mkono wa pili ushike mgongo wa bapa na ulisukume kidogo kuelekea upande wa kufunguka, huku gumba likiusukuma ulimi kando. Hivyo kabari hupunguziwa mzigo. Ulimi ukitoka, ondoa gumba katika njia ya bapa kwanza, ndipo ukunje.

Jambo la kuepuka

Usichukue tupa wala msasa ukaparuza uso wa ulimi au shina la bapa. Ukiondoa chuma kidogo tu, ule mwinamo umebadilika, na chuma kilichoondoka hakirudi. Komeo linalonata hukuudhi, lakini komeo linaloteleza hukukata. Kazi hiyo mwachie fundi ajuaye visu.

Baada ya matengenezo yoyote, kijaribu kisu. Kifungue, ushike mpini vidole vikiwa nje kabisa ya njia ya bapa, kisha ukandamize mgongo wa bapa juu ya ubao. Likijikunja, kisu hicho kisitumike tena kwa kazi yo yote mpaka kimetengenezwa.

Kama mtu amekwisha kukatwa, na abane jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono juu mpaka damu ipungue, kisha alioshe kwa maji safi. Aende hospitali kwa ajili ya sindano ya kuzuia pepopunda, hasa ikiwa ni miaka mingi tangu alipochomwa ya mwisho. Ikiwa kidole hakikunjiki au hakinyooki, au kimekufa ganzi, basi yaelekea kano au mshipa wa fahamu umekatwa. Mtu huyo asikae nyumbani kungoja kidonda kifunge, bali aende siku hiyo hiyo, kwa maana kano huungwa vema zaidi likiwahiwa.