MYUU, MTI WA MAKABURINI



Katika picha za makanisa ya zamani ya Uingereza mara nyingi huonekana mti wa kijani kizito kati ya makaburi. Huo tutauita myuu. Misituni kwetu haumo. Podo wa milimani hufanana nao kwa majani, lakini ni wa ukoo mwingine.

Myuu wa Ulaya una majani membamba, bapa, yasiyopukutika wakati wa baridi. Kwa kawaida mti dume ni mbali na mti jike. Jike hauzai koni kama msonobari, bali mbegu moja moja, kila moja ndani ya kikombe laini chekundu. Hapo ndipo penye hatari. Majani, gome na mbegu vina sumu isimamishayo moyo, na jani likikauka sumu haiishi. Ng'ombe na farasi wamekufa kwa kula matawi yaliyokatwa. Nyama ya kikombe peke yake haina sumu. Ndege huila, na mbegu hupita nzima tumboni. Mtoto aitafunaye hana bahati hiyo.

Mti huu huishi mno. Ule wa Fortingall, Scotland, hudhaniwa una miaka 2,000 au zaidi; shina huoza katikati, pete za kuhesabia zikapotea. Ni dume, lakini mwaka 2015 tawi lake moja lilionekana na matunda! Myuu wa Ireland husimama wima kama mnara, nao umetokana na vipandikizi vya mti mmoja wa Florence Court, Fermanagh.

Wa Kanada ni kichaka tu. Mwenye habari kubwa ni ule wa magharibi ya Marekani, mti mdogo wa kivulini ambao wakata magogo waliuchoma kama takataka. Magome yake yalikusanywa mwaka 1962 ili yachunguzwe. Mwaka 1971 Monroe Wall, Mansukh Wani na wenzao walitangaza dawa iliyomo, na mwaka 1992 ikaruhusiwa huko kwa saratani ya ovari. Ndiyo paklitakseli, ambayo hutiwa mshipani pia kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Kuvua gome kuliua mti, hivyo siku hizi hutengenezwa kutokana na majani ya miti iliyopandwa, au chembe zinazokuzwa ndani ya matangi.

Basi mtu akikuletea unga wa gome hili uuchemshe, usinywe. Dawa ya hospitali imechujwa na kupimwa kwa miligramu. Gomeni imo pamoja na ile sumu ya moyo.