Karatasi ya maabara haisemi yote kuhusu selimundu

HUTOKEA mtu akapimwa damu, akapewa karatasi inayosema ana selimundu, ule ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Hurudi nyumbani akilia. Asichoambiwa ni kama yeye ni mgonjwa au ni mbebaji tu, na pengine hata aliyempa karatasi hajui.

Kosa huanzia kwenye kipimo. Kile cha haraka, ambacho damu hutiwa dawa ili kuona kama chembe nyekundu zitajikunja mfano wa mundu, huonyesha tu kwamba hemoglobini S imo. Hakitofautishi AS, yaani mbebaji, na SS, yaani mgonjwa. Kinachotofautisha ni elektroforesisi, ambayo hutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme. Mhudumu asiyeagiza kipimo hiki cha pili asimwite mtu mgonjwa.

Mwenye AS amerithi S kwa mzazi mmoja. Kwa kawaida huishi kama watu wengine, na hali yake haigeuki kuwa ugonjwa. Tena humkinga dhidi ya malaria kali utotoni, jambo lililoelezwa mwaka wa 1954 na Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya. Ndiyo maana wabebaji ni wengi zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani, penye malaria.

Shida huja wabebaji wawili wanapozaa. Katika kila mimba, nafasi ya kupata mtoto SS ni moja kwa nne. Kuna wahudumu wanaofasiri kwamba aliyezaa mgonjwa mmoja atazaa wazima watatu. Sivyo! Hesabu huanza upya kila mimba, na huenda wawili wakafuatana.

Kibaya zaidi ni kumlaumu mama. Mtoto wa SS amepata S moja kwa mama na nyingine kwa baba, kwa hivyo kliniki inayompima mama peke yake imefanya nusu ya kazi. Wala si juu ya muuguzi kuwaamuru wachumba waachane. Yeye aeleze, waamue wenyewe.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, mtoto apimwe mapema hata akionekana mzima, kwani hemoglobini ya uchanga humkinga miezi ya kwanza. Akipatikana na SS, huanzishiwa penisilini ya kila siku kabla hajatimiza miezi mitatu.