Kumhudumia Jirani Gesima: Pa Kuanzia

Katika wadi ya Gesima, jimbo la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, ni vigumu kumpata mtu ambaye hajasikia Injili. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakaanza kazi Nyanchwa mwaka uliofuata, na leo vipaza sauti vya makambi na mikesha husikika kutoka kilima hadi kilima. Basi anayetaka kumshuhudia jirani yake asidhani anampelekea habari mpya. Mistari jirani anaijua. Pengine asichokijua ni nani atakayemchumia chai akivunjika mguu.

Anzeni hapo. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi, na zamu ikipita wiki mbili bila mchumaji, majani hukomaa na kukataliwa kwenye kituo cha kununulia. Watu wanne wa kanisa moja wanaweza kumaliza shamba dogo kwa asubuhi moja. Hakikisheni kilo zimeandikwa kwenye namba ya mkulima ya mgonjwa, kwa sababu malipo ya mwezi na bonasi hufuata namba hiyo, kisha risiti mkampe mwenyewe mkononi. Siku nayo ipangwe pamoja naye: Jumamosi ni Sabato kwa wengi, na Jumapili mwingine ana Misa.

Baada ya shamba, karatasi. Mzee aliyepita miaka 70 anaweza kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Wa kumwona ni chifu au naibu wake, na kijana mwenye subira ya kumsindikiza ni msaada mkubwa. Bima ya afya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na usajili hufanyika kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa kijiji. Namba ya siri aibonyeze mwenyewe. Kitambulisho kisilale kwenye mkoba wa kanisa hata usiku mmoja.

Lakini huduma ngumu kuliko zote hapa kwetu Gusii haihitaji pesa wala karatasi. Ni kumtembelea mjane mzee ambaye kijiji kimeanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Mei 2008 watu 11 waliuawa kwa kuchomwa moto katika vijiji vya Gusii kwa tuhuma hizo. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee wakauawa Marani, Kaunti ya Kisii. Uvumi wa namna hii hukua pale mtu anapoishi peke yake, watoto wake wako mbali mjini, na kifo cha ghafla kimetokea jirani. Wakati mwingine nyuma yake kuna kipande cha shamba kinachotamaniwa.

Hapo ziara iwe ya mchana na ya wazi. Mpigieni hodi, mwamkieni magokoro kama mnavyomwamkia bibi yenu, kaeni nje ya nyumba mahali wapita njia wanapowaona, mle chakula alichopika. Rudini kila wiki, watu wawili wawili. Mzee wa kanisa akionekana anakunywa uji kwenye boma hilo, wanaonong'ona hulazimika kufikiri upya, na kwa maoni yangu uji huo unahubiri kuliko mkutano wa wiki nzima. Kamwe msimfanyie maombi ya kumtoa uchawi: mtakuwa mmethibitisha tuhuma kwa kinywa cha kanisa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 yenyewe inahesabu kuwa ni kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa kwa kupeleka malalamiko kwa mamlaka. Mkisikia vitisho, mwambieni chifu siku hiyo hiyo, na hatari ikikaribia pigeni 999 au 112.

Je, neno la imani lisemwe lini? Likiulizwa. Na litaulizwa, maana watu hushangaa kuona wageni wakichuma chai isiyo yao. Jibuni kwa ufupi, kwa maneno yenu, mkisema kilichowatokea ninyi. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, kwa hiyo unga mnaompa mhitaji usifungwe na sharti la kuja ibadani, na picha za anayepokea zisirushwe kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Watoto wasifundishwe bila wazazi kujua. Mgonjwa wa kifua kikuu au anayetumia dawa za virusi vya ukimwi aombewe akitaka, na dawa aendelee kumeza. Anayemwambia aache anahatarisha maisha ya mgonjwa.

Huenda siku moja huyo mliyemhudumia akaamua kurudi ibadani, na kanisa atakalolichagua likawa la Kilutheri kule ng'ambo ya mto. Msindikizeni hadi mlangoni, na zamu za kuchuma ziendelee.